Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Makumbo, Ngumi na Hasira Kwenye Mechi za Mtoano za NHL Zilizokwisha kwa Mabao Mengi

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, NHL, huingia hatua ya mtoano, na maswali yaleyale hurudi. Timu inaongoza 6-1, zimebaki dakika kumi, na badala ya watu kumaliza kazi waende zao, uwanja unageuka ulingo. Mashabiki wa waliofungwa wanasema walichokozwa. Wa walioshinda wanasema wenzao hawajui kushindwa. Ubishi unakwenda mpaka asubuhi.

Mechi nne zinatajwa sana humu, kwa hiyo zishike mapema: Boston 8-1 Vancouver (fainali ya 2011), Philadelphia 8-4 Pittsburgh (raundi ya kwanza, 2012), Ottawa 6-1 Montreal (raundi ya kwanza, 2013) na Florida 6-1 Edmonton (fainali ya 2025).

## Misingi

1. Hii ni hoki gani? Ni ileile ya kwenye nyasi?

Hapana. Hii huchezwa juu ya barafu, kwenye uwanja wa takriban mita 61 kwa 26, wachezaji wakiwa na viatu vya kutelezea. Kila timu ina watu watano na kipa. Badala ya mpira kuna kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 156 hadi 170. Vipindi ni vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia.

Vitu viwili vinautofautisha sana na michezo tuliyoizoea. Kwanza, uwanja umezungushiwa ukuta na vioo, hivyo hakuna pa kukimbilia: ukisukumwa, unabamizwa. Pili, wachezaji huingia na kutoka mchezo ukiendelea, kila mmoja akikaa uwanjani chini ya dakika moja hivi kabla ya kurudi benchi kupumua. Hiyo ina maana kwamba kocha anaweza kumtuma mtu fulani uwanjani kwa kazi fulani, wakati wowote anaotaka. Likumbuke hilo ukifika swali la 8.

2. Mtoano unaendeshwaje?

Kati ya timu 32, timu 16 huingia. Zinakutana mbilimbili kwa raundi nne, na kila raundi ni mfululizo wa mechi hadi saba: anayetangulia kushinda nne anapita. Mchezo wa kwanza, wa pili, wa tano na wa saba huchezwa kwa timu yenye nafasi bora. Wa tatu, wa nne na wa sita kwa mwenzake. Mkitoka sare mnaongezewa vipindi vizima vya dakika 20 mpaka mmoja afunge, hata kama kutapambazuka.

Jambo la kushika ni hili: mabao hayajumlishwi. Yanga ilipoitandika Simba 5-1 Novemba 2023, tofauti ile ya mabao iliingia kwenye msimamo wa ligi na kubaki humo msimu mzima. Huku ukipigwa 8-1 umepoteza mchezo mmoja, sawasawa na aliyefungwa 1-0 katika muda wa nyongeza. Kesho kutwa mnaanza 0-0. Karibu kila kitu kinachoudhi watu kwenye mechi hizi kinatokana na hapo.

3. Kumbo gani ni halali na lipi ni kosa?

Kumpiga kumbo mwenye kisahani, au aliyekiachia sekunde hiyohiyo, ni halali, ilimradi utumie bega au nyonga na usilenge kichwa. Ni kosa kumpiga asiye na kisahani, kumsukuma kwa nyuma akiwa ameelekea ukuta, kutumia kiwiko, kurukia juu, au kumshambulia kwa gongo (fimbo ya kuchezea).

Sheria ya kichwa ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Iliingizwa Machi 2010, katikati ya msimu, baada ya Matt Cooke wa Pittsburgh kumpiga Marc Savard wa Boston bega la kichwa kutoka upande asioona. Kwa sheria za siku hiyo Cooke hakufungiwa hata mchezo mmoja. Kuanzia msimu wa 2011-12 kosa hilo lilipanuliwa, lisiwe tena la kumpiga mtu kutoka pembeni tu.

4. Ngumi je? Ni kweli zinaruhusiwa?

Haziruhusiwi, ila zimewekewa bei. Wawili wakizichapa, kila mmoja anakaa kizimbani dakika tano kisha anarudi kucheza. Aliyeonekana kuanzisha anaongezewa dakika mbili na nyingine kumi juu yake. Akianzisha ndani ya dakika tano za mwisho, sheria inamfungia mchezo mmoja papo hapo na kocha wake anatozwa dola 10,000. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mechi za aina tunayoizungumzia, zile ambazo timu imeshazama na inatafuta wa kuzama naye. Utekelezaji wake ni hadithi nyingine (swali la 15).

Kwenye Olimpiki na mashindano ya dunia mambo ni tofauti: ukirusha ngumi unatolewa mchezoni. Ndiyo maana nyota walewale wanaogombana Mei huonekana malaika wakivaa jezi za nchi zao.

5. Adhabu nyingine zinahesabiwaje?

Kosa dogo ni dakika 2, na timu yako inabaki na watu wanne. Mpinzani akifunga, adhabu inakatishwa. Kosa kubwa ni dakika 5, na hilo halikatishwi hata ufungwe mabao matatu. Halafu kuna adhabu ya dakika 10 ya utovu wa nidhamu: mchezaji anakaa nje lakini nafasi yake inajazwa, timu haipungui. Mwisho kuna kutolewa kabisa. Ile ya dakika 10 ndiyo itakayokusaidia kuelewa swali la 11.

6. Huku kwetu inaonekana saa ngapi, na kuna anayeicheza?

Mchezo wa saa mbili usiku wa Toronto au Boston kwa majira ya kiangazi ni saa tisa usiku Afrika Mashariki. Vurugu nyingi za kipindi cha tatu utazikuta kwenye adhana ya alfajiri.

Wanaocheza wapo. Nairobi kuna timu ya Ice Lions, iliyokulia kwenye kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo.

## Kwa nini mechi iliyokwisha ndiyo inachafuka

7. Timu imeshafungwa 6-1. Inapigania nini tena?

Inapigania mchezo ujao. Mabao hayabebwi, lakini miili na akili vinabebwa. Beki aliyebamizwa ukutani mara nne usiku wa Jumatatu atakifuata kisahani pembeni kwa kusitasita usiku wa Jumatano, na nusu sekunde ya kusitasita inatosha. Kwa hiyo kocha aliyekwisha kupoteza anaona dakika kumi zilizobaki kama mali: hawezi kuzirudisha kuwa mabao, anaweza kuzitumia kumchosha mtu.

Hiyo ndiyo hesabu ya baridi. Ya moto ni aibu. Watu wamevaa jezi ya klabu, ukumbi mzima unawaimbia, na wanatakiwa wateleze kwa adabu hadi king'ora cha mwisho. Mimi naona mashabiki huipa aibu uzito mdogo mno na mbinu uzito mkubwa mno. Tazama Philadelphia na Pittsburgh 2012. Glavu ya Jakub Voracek wa Philadelphia ilianguka, akainama kuiokota, na Sidney Crosby, nahodha wa Pittsburgh, mchezaji bora wa kizazi chake, akaisukuma mbali kwa gongo. Mbinu gani hiyo? Baadaye aliwaambia waandishi kwamba hampendi mtu yeyote wa timu ile. Kilikuwa kipindi cha kwanza tu, na muda mfupi baadaye yeye na Claude Giroux wa Philadelphia, nyota kwa nyota, walikuwa wanapigana.

8. Nani hasa huanza: anayefungwa au anayefunga?

Mara nyingi anayefungwa, kwa sababu dakika mbili za adhabu hazimgharimu kitu tena. Mwenye 6-1 hana sababu ya kugombana. Kwenye fainali ya 2025, kipindi cha tatu, matokeo yakiwa yameshaamuliwa, Trent Frederic wa Edmonton alimshukia Sam Bennett wa Florida kwa gongo, watu wakashikana kila kona, na Darnell Nurse akazipiga na Jonah Gadjovich mpaka damu ikatoka. Huko nyuma kwenye benchi Jake Walman, naye wa Edmonton, alikuwa akiwarushia watu wa Florida maji ya chupa. Jitu zima.

Lakini usiishie kwenye picha ya mwisho. Bennett na wenzake wana sifa ya kuuma na kupuliza: kumbo la kuchelewa kidogo, kumwangukia kipa, neno la chini kwa chini, halafu mikono juu mwamuzi akigeuka. Mwamuzi hukamata wa pili. Na kocha anayewatuma uwanjani wapiganaji wa safu ya nne, yaani ya mwisho kwa ubora, mabao yakiwa matano nyuma (kumbuka swali la 1) anajua alichokituma.

9. Mbona ghasia hizi zinapenda mchezo wa tatu?

Mechi zote nne tulizozitaja juu zilikuwa mchezo wa tatu wa mfululizo, na zote mwenyeji ndiye aliyeshinda. Mechi nne si takwimu, ila sababu haijifichi. Kufikia hapo timu zimeshakaa pamoja dakika 120 na kila mtu ana deni lake. Halafu mfululizo unahamia mji wa pili, kwa watu ambao wiki nzima wameona mambo kwenye televisheni tu na sasa wana mahali pa kupigia kelele.

Madeni yenyewe yanajulikana. Mwaka 2011, Alexandre Burrows wa Vancouver alimng'ata kidole Patrice Bergeron wa Boston kwenye mchezo wa kwanza, hakufungiwa, na mchezo wa pili akafunga bao la ushindi sekunde ya 11 ya muda wa nyongeza. Fikiria Boston walivyolala usiku huo. Mwaka 2013, Eric Gryba wa Ottawa alimgonga Lars Eller wa Montreal kwenye mchezo wa kwanza, Eller akabaki kifudifudi, barafu nyekundu, akatolewa kwa machela. Gryba alifungiwa michezo miwili. Kocha wa Ottawa, Paul MacLean, akasema wa kulaumiwa ni mchezaji wa Montreal aliyempa Eller pasi mbaya, na Brandon Prust wa Montreal akamjibu kwa kumfananisha na mnyama wa baharini mwenye masharubu. Ukishajua hayo, 6-1 ya Ottawa na magomvi yake havikushangazi hata kidogo.

10. Je, kuchafua mchezo uliokwisha kunasaidia kushinda mfululizo?

Angalia yaliyofuata. Vancouver ilipigwa 4-0 mchezo wa nne, ikajitutumua, ikafika mchezo wa saba na kufungwa 4-0 nyumbani kwake. Pittsburgh ilishinda mchezo wa nne 10-3, ungesema dawa imeingia, kisha ikatolewa mchezo wa sita. Montreal ilitolewa mchezo wa tano, tena kwa 6-1 nyingine. Edmonton ilirudi kutoka 3-0 na kushinda mchezo wa nne 5-4, halafu ikapoteza miwili mfululizo na Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, likabaki Florida.

Wote wanne walikwenda nyumbani. Huenda wangetolewa hata bila ngumi yoyote, kwa hiyo sisemi ngumi ndizo zilizowatoa. Ninachosema ni kwamba anayekuambia "tumewapa ujumbe" aulizwe ujumbe huo ulisomwa na nani.

## Waamuzi

11. Mchezo wa dakika 60 unapataje dakika 236 za adhabu?

Hiyo ni Ottawa na Montreal 2013, na ni hesabu ya karatasi. Watu wawili wakizichapa, karatasi inaandika dakika 10. Wakipewa na utovu wa nidhamu, inaongezeka 20. Kutolewa kabisa nako huandikwa kama dakika 10 kwa kila mtu. Wakishikana jozi tano, zidisha mwenyewe. Hakuna timu iliyocheza pungufu kwa muda huo, maana adhabu zinazolingana hufutana.

Waamuzi wenye akili huitumia ile ya dakika 10 kama ufagio. Zikiwa zimebaki dakika nane na mtu anawaka, unampa kumi: haimuumizi kocha, haimpi mpinzani bao, ila jamaa amekwenda kuoga. Ukiona benchi la watu saba mwishoni mwa 8-1, ndicho kilichotokea.

12. Kwa nini hawapulizi filimbi mapema, kabla moto haujawaka?

Lawama hii ni ya haki zaidi kuliko nyingine zote. Waamuzi ni wawili wakuu na wawili wa mstari, na kwenye mtoano wakuu huwa wazito kupuliza, hasa mechi ikiwa karibu, kwa kuogopa kusemwa kwamba wao ndio walioamua. Timu zinajua. Kosa ambalo Novemba ni dakika mbili, Mei ni "wacha wacheze". Mechi ikishaharibika, filimbi zinamwagika zote mara moja, mchezo ukiwa hauna tena cha kuokoa. Waamuzi wa mstari ndio wanaolipia, wao ndio wanaoingia katikati ya watu wa kilo mia kuwatenganisha.

13. Wanakwenda kuangalia nini kwenye skrini?

Tangu msimu wa 2019-20, mwamuzi akitoa adhabu ya dakika 5 isiyo ya ngumi lazima arudie kuitazama kwenye video. Anaweza kuithibitisha, kuishusha kuwa dakika 2, au siku hizi hata kuifuta kabisa. Hawezi kutumia nafasi hiyo kutafuta kosa ambalo hakuliita. Kwa hiyo "mbona hawakuangalia lile la sisi?" jibu lake ni fupi: hawakuliita dakika 5.

14. Benchi nzima inaweza kumwagika uwanjani kama zamani?

Kwa sasa hapana, na sababu ni usiku mmoja Montreal, Mei 14, 1987. Claude Lemieux wa Montreal alikuwa na mazoea ya kupenyeza kisahani kwenye goli tupu la wapinzani mwishoni mwa kupasha moto. Watu wa Philadelphia walikerwa, wakamvizia yeye na mwenzake, na timu zote mbili zikatoka vyumbani kuja kupigana, wengine wakiwa nusu uchi, kabla ya mechi kuanza, pasipo mwamuzi hata mmoja. Baada ya hapo ligi ilikaza sheria: wa kwanza kuruka kutoka benchi kwenda kugombana anafungiwa michezo 10, wa pili wake michezo 5. Tangu hapo wanaogombana ni waliokuwa tayari uwanjani, na benchi hubaki na midomo.

## Baada ya mchezo

15. Nyota wanapendelewa?

Shikilia kesi hizi mbili. Fainali ya 2009, mchezo wa pili, Pittsburgh inafungwa 3-1 na Detroit. Sekunde chache kabla ya mwisho, Evgeni Malkin anazichapa na Henrik Zetterberg na anahukumiwa kuwa mchokozi. Kwa sheria ya swali la 4 angekosa mchezo wa tatu. Ligi iliifuta adhabu hiyo, ikieleza kwamba ugomvi ule haukuwa wa kulipiza kisasi wala kutuma ujumbe. Malkin aliishia kuwa mchezaji bora wa mtoano ule.

Mwaka 2012, klabu ileile, ile 8-4 ya Philadelphia, Craig Adams wa safu ya nne akahukumiwa kosa lilelile ndani ya dakika tano za mwisho. Alifungiwa mchezo mmoja, na kocha wake akalipa dola 10,000. Watetezi wa ligi husema mazingira yalitofautiana, na kweli ile ya 2012 ilikuwa vita. Mimi nasema jina mgongoni nalo lilitofautiana.

16. Nani anaamua kufungia, na mbona faini zake ni za peremende?

Tangu msimu wa 2011-12 kuna idara ya usalama wa wachezaji. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Brendan Shanahan, mchezaji wa zamani, aliyeanza kueleza kila uamuzi kwa video. Kabla yake kazi ilikuwa ya Colin Campbell, na kwenye fainali ya 2011 ilibidi akae pembeni kwa sababu mwanawe Gregory alikuwa anachezea Boston. Mike Murphy ndiye aliyeamua.

Faini zina kikomo kilichokubaliwa kati ya ligi na chama cha wachezaji. Shea Weber wa Nashville alipomshika Zetterberg kichwa na kukibamiza kiooni Aprili 2012, alitozwa dola 2,500. Ndicho kilikuwa kiwango cha juu kabisa wakati huo, kwa mtu anayelipwa mamilioni. Ongeza na hili ambalo wengi hawalijui: mishahara ya NHL hulipwa kwa msimu wa kawaida, kwa hiyo mtu aliyefungiwa kwenye mtoano hapotezi mshahara. Anapoteza mechi tu. Ndiyo maana idara huuhesabu mchezo mmoja wa mtoano kuwa mzito kuliko wa Januari.

17. Michezo minne aliyofungiwa Aaron Rome wa Vancouver mwaka 2011, ilikuwa haki?

Tuitazame pole pole, maana hapa ndipo mashabiki wa Vancouver hawajawahi kusamehe. Dakika ya 5 na sekunde 7 ya mchezo wa tatu, bado 0-0. Nathan Horton wa Boston anavuka mstari wa buluu kuingia eneo la Vancouver, anatoa pasi kushoto kwake, kichwa bado kimefuata pasi. Rome anamwingia kwa bega kutoka mbele. Kisahani kilikuwa kimeshaondoka kitambo. Horton anaanguka chali, mkono mmoja umebaki hewani umekakamaa. Alitolewa kwa machela na mtikisiko mkubwa wa ubongo, na hakucheza tena mwaka ule.

Wanaomtetea Rome wana hoja: hakurusha kiwiko, hakuruka, na Horton alikuwa anatazama pembeni. Kama lingefika nusu sekunde mapema, tungeliita kumbo zuri. Lakini halikufika mapema, na sheria ya kuchelewa ipo kwa sababu ya mtu aliyekwisha kuachia kisahani na kujiona salama. Rome alitolewa, akafungiwa michezo minne, adhabu ndefu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwenye fainali. Ilikuwa ndiyo michezo yote iliyobaki. Naiona ni haki kwa kosa. Ambacho si haki ni kwamba kidole cha Bergeron kilipimwa kwa mizani nyingine siku chache kabla.

Na kuhusu 8-1 yenyewe: kipindi cha kwanza kiliisha 0-0. Mabao yote ya Boston yalikuja baadaye, mawili kati yake Vancouver ikiwa na mtu mmoja zaidi uwanjani. Hilo halikuwa la Rome.

18. Mfululizo ukiisha kabla ya adhabu kuisha?

Timu yake ikipita, michezo iliyobaki inahamia raundi inayofuata. Ikitolewa, inahamia msimu unaofuata.

## Maswali ya pembeni

19. Kuendelea kufunga ukiwa unaongoza 6-1 ni dharau?

Hapana. Hakuna sheria ya huruma, saa haiachwi itembee, na timu ina wachezaji 18 na makipa wawili. Huna kikosi cha akiba cha kuingiza. Watu wakigombana kuhusu bao la saba, ujue hasira ni ya kitu kingine.

20. Na kocha kuomba mapumziko zikiwa zimebaki sekunde 17?

Hilo sasa ndilo tamu. Ottawa 2013, inaongoza 6-1, na Paul MacLean anaomba mapumziko yake. Ukumbi unashangilia, Montreal wamesimama kwenye benchi lao kama waliofiwa, wakilazimishwa kuutazama ubao wa matokeo kwa sekunde 30 zaidi. Michel Therrien, kocha wa Montreal, alisema huwezi kuwadhalilisha watu namna hiyo. MacLean alieleza kwamba hakuwa na hakika ya kitakachofuata, na alitaka kuwakinga wachezaji wake.

Kwa jioni ile, yenye dakika 236 za adhabu, maelezo ya MacLean hayawezi kutupwa: kila kocha angependa kuchagua kwa utulivu nani awe uwanjani sekunde za mwisho. Lakini alikuwa na njia ya kimyakimya ya kufanya hivyo, akachagua yenye kelele. Ukinibana, nitasema alikuwa anakinga wachezaji wake na kulipiza neno la Prust kwa wakati mmoja.

21. Kipa anaweza kupigwa kumbo akitoka golini?

La. Kutoka kwake nje ya eneo lake hakumfanyi awe halali kugongwa. Kinyume chake hakijasemwa sana: katika ile 8-1, Tim Thomas, kipa wa Boston, ndiye aliyemsukuma Henrik Sedin, nahodha wa Vancouver, akamwangusha. Aliokoa mashuti 40 usiku huo, na mashabiki wa Boston hulikumbuka lile la kumwangusha Sedin zaidi.

22. Mchezaji anaweza kushtakiwa mahakamani?

Anaweza, na imetokea, mara mbili Vancouver. Zote zilikuwa za msimu wa kawaida, na zote timu ya mtuhumiwa ilikuwa imeshafungwa.

Februari 21, 2000, sekunde za mwisho, Boston ikiwa nyuma 5-2, Marty McSorley alimpiga Donald Brashear wa Vancouver gongo la kichwa kwa nyuma. Brashear alianguka na kichwa kikagonga barafu. McSorley alitiwa hatiani kwa shambulio la silaha, akaachiwa kwa masharti ya miezi 18. Hakurudi tena NHL.

Machi 8, 2004, Colorado ilikuwa inaiadhibu Vancouver. Mechi iliisha 9-2. Wiki tatu kabla, Steve Moore wa Colorado alikuwa amemgonga Markus Näslund, nahodha wa Vancouver, na maneno ya kisasi yalisemwa hadharani. Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi wa Vancouver alimfuata Moore uwanja mzima akimtaka wapigane. Moore alipokataa kugeuka, Bertuzzi alimvuta jezi, akampiga ngumi ya kichwa kwa nyuma, na wote wakaanguka, Moore chini, wengine wakirundikana juu. Pingili tatu za shingo zilivunjika. Bertuzzi alikiri kosa la kumdhuru mwili, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi. Alirejea kucheza baada ya kufungiwa. Moore hakucheza tena, alifungua kesi ya madai, na ilimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2014, miaka kumi baadaye.